Babu Yangu, Faru na John Wayne

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenichokoza. Mmeuliza: “Je, una undugu au ujamaa na mwigizaji yeyote wa picha maarufu ya zamani, hata kama alionekana kidogo tu?” Majibu mliyokwisha kuyachapa nimeyafurahia. Watu wamewataja mashangazi na majirani waliocheza kwenye picha zetu za miaka ya sabini na themanini, na kuna aliyemtaja mzee Kawawa, Waziri Mkuu wetu wa zamani, jambo nililojua lazima litokee. Kilichonichoma ni jinsi mnavyowapanga watu: kuna waigizaji, halafu kuna hao wa kuonekana kidogo. Nani kapima? Aliyekaa kwenye kiti anakula bisi ataona kidogo. Aliyekuwa pale na kamba mkononi, faru upande wa pili, sidhani kama aliona kidogo.

Picha ninayoisemea ni Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka 1962. Wa rika langu hawahitaji kuelezwa, ila kwa vijana: John Wayne ni mkuu wa kundi la watu wanaokamata wanyama wa porini wakiwa hai ili wapelekwe kwenye bustani za wanyama. Kambi yao iko Momella, upande wa Mlima Meru. Wanafukuza twiga, nyati, nyumbu na faru kwa magari, mtu kakaa kwenye kiti kilichofungwa mbele juu ya madigadi, kashika mti mrefu wenye kitanzi. Ndani yake wamo Hardy Krüger, Mjerumani. Elsa Martinelli, Mwitaliano anayelea watoto wa tembo mpaka anaitwa Mama Tembo. Na Red Buttons wa kuchekesha, anayenasa tumbili kwa wavu unaorushwa kwa fataki juu ya mti. Muziki ni wa Henry Mancini, na ule wa watoto wa tembo hata asiyeiona picha anaujua, maana umepigwa kila mahali.

Sehemu za porini zilipigwa kwetu kweli, mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza. Picha ilipotoka, bendera ilikuwa imeshabadilika.

Sasa, babu yangu mdogo, yaani mdogo wake babu mzaa baba, wakati huo alikuwa utingo. Mtu wa Magomeni, Mzaramo, hana lolote la kumpeleka Arusha isipokuwa lori. Walipakia mabati hapa Dar, wakapita Chalinze, Korogwe, Same, Moshi, wakashusha Arusha, na lori likageuka bila yeye. Kasikia kuna Wazungu wanatafuta watu wenye nguvu wa kujenga mazizi na kuvuta kamba, akabaki. Bibi, mkewe, alikuwa akisema mpaka anakufa: “Alikwenda kushusha mabati, akarudi na faru.” Alirudi kweli, na shati la kaki lenye mifuko minne na habari ambazo hazikuisha. Alipewa ngapi kwa kazi ile? Inategemea uliuliza mwaka gani. John Wayne alikuwaje? “Mlango mzima, yule bwana, mlango na fremu yake.” Alimpa sigara, na aina ya sigara nayo ilibadilika kila hadithi iliposimuliwa. Lakini jambo moja halikubadilika hata siku moja: kwamba kwenye ile picha yumo, pale anapokamatwa faru, ameshika kamba.

Sisi wajukuu tulilelewa na habari hiyo. Shuleni nilipigwa vijembe kwa ajili yake. Ilikuwaje mtu acheze na John Wayne halafu anakaa chumba na ukumbi Magomeni Mapipa? Kwa akili ya watoto wa Dar wa wakati ule, mtu wa kwenye picha ni steringi, na steringi hafi, hafulii, wala hapangi foleni ya maji. Na kusema kweli hatukuwa tumeiona. Wazee walisema waliiona mjini zamani, wengine Empire, wengine Avalon, kila mtu na sinema yake, na wengine wakaapa waliiona Drive-In ya Msasani, iliyofunguliwa 1966. (Pale Drive-In sasa ni ubalozi wa Marekani. John Wayne hakuhitaji tena kuja kwa turubai, wenzake wamehamia wazima wazima.) Yeye babu alidai aliiona na alijiona, ila ilipita haraka, na sinema haina kurudisha nyuma.

Basi ikaja 1994. Ndio mwaka ITV ilipoanza kurusha matangazo, na kila aliyekuwa na chochote mkononi alikimbilia kununua televisheni. Baba mkubwa alinunua ya rangi, ya chogo kubwa, akaiweka sebuleni na kuivisha kitambaa cha kufumwa. Deki ya kuchezea mikanda ya video aliazima kwa rafiki yake. Siku moja akapita duka la kukodisha mikanda Kariakoo, katikati ya picha za kareti na za Kihindi akaikuta Hatari!, jalada limepauka mpaka John Wayne amekuwa mweupe kuliko alivyozaliwa. Akaikodi kwa usiku mmoja.

Habari ilitangulia kuliko mkanda. Baada ya Isha sebule ilikuwa imejaa: sisi wa nyumbani kwenye mkeka, wapangaji mlangoni, watoto wa mtaa wamening'inia dirishani, mama mmoja wa jirani ameleta kabisa beseni lake la mchele achague huku anaangalia. Babu akaletwa. Alikuja na kanzu, koti juu yake, na chini ya koti, kwa joto lile la Machi, lile shati la kaki. Lilikuwa limebaki kola na imani. Tukamwamkia kwa zamu, “Shikamoo babu,” akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyealikwa kutoa hotuba. Mimi aliniita nikae karibu naye. “Njoo hapa mke wangu, uone uliolewa na nani.” Bibi akasema mke mwenzake anaweza kumchukua moja kwa moja, na faru wake.

Picha ikaanza. Inaanza na faru, kweli, na mtu mmoja anachomwa pembe mguuni. Sebule nzima ikamgeukia babu. “Siye huyo,” akasema. “Huyo wa mwanzo. Wangu yuko mbele.” Na picha yenyewe ni ndefu, inapita saa mbili na nusu. Hapo ndipo tulipoona vituko. Kila John Wayne na Elsa Martinelli wakikaa peke yao waanze kutazamana, babu anapunga mkono: “Peleka mbele, hapo hakuna mtu.” Hakuna mtu! Steringi kajaza kioo kizima, na mwanamke aliyefanya wapangaji wasahau kurudi vyumbani kwao, lakini kwa babu hapo hakuna mtu. Wanapokamata twiga akasema yule dereva alikuwa mkorofi. Wanapopita watu wa kambi nyuma, wamebeba maji au wanafunga geti, yeye ndio anasogea mbele ya kiti: huyu alikuwa Mmeru, mcheshi sana, huyu alikopa hela yangu, huyu, nasikia, marehemu. Sisi tulikuwa tunaangalia picha ya Wazungu wenye Waafrika nyuma yao. Yeye alikuwa anaangalia picha ya rafiki zake, na mbele yao wamesimama Wazungu wanaomkinga asione vizuri.

Mwishowe faru wake akaja. Magari mawili, vumbi, faru katikati anakimbia huku anageuza kichwa kugonga bodi. Babu akasimama. “Sasa. Sasa. Simamisha!” Baba mkubwa akabonyeza pozi.

Deki ile ilikuwa ya kawaida. Ukiisimamisha picha haitulii, inatetemeka, na mstari wa chenga unakatiza katikati ya kioo. Babu akaenda mpaka kwenye televisheni, akaweka kidole, kioo kikamrushia cheche kidogo, ta! Hakuutoa mkono. “Mimi huyo.”

Tukaangalia. Ulikuwa mgongo. Mabega, shati la kaki, kisogo chenye nywele, kamba inayotoka mikononi na kupotelea nje ya kioo. Uso hakuna. Chenga zinapita kiunoni. Nyumba ikalipuka, kila mtu na lake. Mpangaji mmoja, fundi viatu, akasema, “Babu, huyo mbona ana nywele?” Babu, kipara chake kinang'aa kwa mwanga wa televisheni: “Na wewe ulizaliwa na ndevu?” Rudisha nyuma. Cheza. Simamisha. Mgongo uleule. Rudisha tena. Shangazi akapiga kelele: “Oneni mkono! Anavuta kwa kushoto!” Na babu alikuwa shoto, chakula alikula kwa kulia kama alivyofunzwa, lakini nyundo, panga na kamba ni kushoto. Nusu ya sebule ikakubali pale pale. Nusu nyingine ikataka irudishwe tena, maana wengine walisema huo si mkono, ni chenga.

Watu wakamgeukia bibi. Yeye alikuwa kakaa kimya muda wote. Akavaa miwani, akasogea, akaangalia kile kioo kinachotetemeka kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote. Akasema: “Shati ndilo. Mgongo siusemei.”

Halafu umeme ukakatika. Enzi za mgao hizo, hatukushangaa sana, ila miluzi ilipigwa mtaa mzima. Ikawashwa chemli. Hakuna aliyeondoka, na babu akamalizia picha kwa mdomo. Alisema faru yule alichomoka. Walishamfunga, wakadhani kazi imekwisha, akachomoka kweli, siyo kwa kupangwa, watu wakatawanyika, ikabidi akamatwe upya, na huku mashine za Wazungu zinaendelea kuzunguka. Alisimulia mpaka mikono inatetemeka. Umeme uliporudi usiku wa manane deki ikatoa sauti mbaya, ikala mkanda, hasa palepale, pale tulipopachosha kwa kurudisha. Asubuhi mwenye duka akataka alipwe mkanda mzima. Baba mkubwa alilipa huku ananung'unika kwamba ameununua mgongo wa baba yake mdogo kwa bei ya kitoweo cha wiki.

Nimekaa sana hapo, najua, mhariri, na mtakata mnapotaka. Lakini sikilizeni hoja.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma maneno ya Hawks mwenyewe kuhusu picha ile. Alisema wanyama wote wanaokamatwa mle wanakamatwa na waigizaji wenyewe, hakuna aliyewekewa mtu wa kukamata badala yake mbele ya kamera. Na alisema faru alitoroka kweli, wakalazimika kumkamata tena, naye akaiacha ibaki kwenye picha kwa sababu ilikuwa ya kweli mno kuitupa. Inasemwa pia kwamba maneno mengi ya kwenye mafukuzano ilibidi yarekodiwe upya studioni, kwa jinsi John Wayne alivyokuwa anatukana akipambana na wale wanyama. Hilo la matusi babu alikuwa ametusimulia, tukadhani anaongeza chumvi. Na la faru kuchomoka mmelisikia. Babu hakusoma Kiingereza hata mstari mmoja.

Sasa chukueni kauli ya Hawks muipime. Waigizaji ndio waliomkamata faru. Vizuri. Faru mzima, mwenye uzito wa tani na ushei, hakushikwa na John Wayne peke yake, tazameni wenyewe, kuna mikono mingine kwenye zile kamba na mingine ni myeusi. Ama mikono ile ni ya waigizaji, na basi babu yangu ni mwigizaji kwa kutangazwa na mwongozaji mwenyewe. Ama si ya waigizaji, na basi Hawks alikuwa anawauzia watu maneno. Yeye achague. Majina makubwa yaliyouzia picha ile ni ya Wamarekani, Mjerumani, Mwitaliano na Wafaransa. Wenye nchi ni migongo.

Na babu alilijua hilo vizuri. Kwa Kawawa alikuwa na lake. Mzee Kawawa, kwa wasiojua, mwanzoni mwa miaka ya hamsini alicheza Muhogo Mchungu na picha nyingine za Kiswahili za enzi za ukoloni, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu. Babu akisikia anasifiwa kwa uigizaji hukohoa kwanza. “Kawawa aliigiza, akawa Waziri Mkuu. Mimi nilimkamata faru wa kweli, nikarudi kuwa utingo.” Halafu anaongeza haraka kwamba Kawawa, Simba wa Vita, ni mtu wake, asije mtu akamchongea kwenye tawi la chama.

Hadi hapa mnaona nilipokuwa naelekea. Nilianza barua hii nikitaka mliandike jina lake kwenye orodha yenu, juu kabisa. Lakini jana usiku, kabla sijaimaliza, niliitafuta tena ile sehemu kwenye simu. Siku hizi picha ni safi, unasimamisha inatulia tuli, unaikuza kwa vidole viwili. Nilimtafuta yule wa mgongo. Vumbi ni jingi, mkono wenyewe wa kushoto siwezi kuuapia, shangazi na anisamehe. Inawezekana ni babu, inawezekana ni mwenzake aliyegawiwa shati kutoka boksi lilelile, na hata habari ya faru kuchomoka, mtu mgumu atasema babu aliiona sinema kama wengine. Lakini nilichokiona ni kingine. John Wayne, pamoja na ushujaa wake wote, na alikuwa na zaidi ya miaka hamsini tayari, anajua kamera iko wapi. Bega lake linajua. Akianguka anaanguka upande wa kuonekana. Wale wa kamba hawajui habari hiyo. Wanaangalia miguu ya faru tu. Kamera ingeondoka wasingegundua.

Hapo msimamo wangu ukaanza kulegea, na hadi sasa unaendelea kulegea ninavyoandika. Maana kuigiza ni kazi yenye ufundi wake, na ningemuudhi Kawawa na wengine wote walioifanya kama ningesema kila aliyepita mbele ya kamera ameigiza. Babu hakujifanya anavuta kamba. Alivuta. Hata kama kamera zile zisingekuwa na mkanda ndani, faru angekamatwa vilevile, na yeye angelipwa kiasi kilekile anachokisahau. Tena nikikumbuka alivyosimulia gizani, hakusema hata mara moja “nilicheza.” Tuliosema amecheza ni sisi, kwa kutaka sifa shuleni.

Kuna mtu mwingine wa picha ile ambaye angestahili safu yenu kuliko yeye, nalo nalisema kwa shingo upande. Hardy Krüger. Picha ilipokwisha hakukunja jamvi na wenzake, alinunua shamba palepale Momella, akajenga, akaishi kwetu miaka mingi. Amefariki 2022. Huyo sina undugu naye, lakini ana ujamaa na sisi wote kwa njia yake. Ndiyo, alibaki kwa sababu alikuwa na hela ya kununua. Babu naye huenda angebaki, alipenda baridi ya kule na alisema ndizi zao hazina mfano, ila wa kumwuzia utingo ekari chini ya Meru mwaka 1961 sijui angetoka wapi. Kwa hiyo mkimwandika Krüger, mwandikeni, ila msimwandike kwa herufi kubwa sana.

Jibu langu kwa swali lenu basi ni hapana. Sina undugu na mwigizaji yeyote wa picha ya zamani, mkubwa wala mdogo. Nilikuwa na babu aliyewahi kukamata faru, na kuna watu walikuwa wanapiga picha jirani.

Ila naweka sharti moja. Nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na humo wasanii waigizaji wana haki zao. Ikitokea siku mwanasheria akasema hata wa kamba anahesabika, na kwamba picha ikioneshwa kuna senti ya ukoo, basi jibu langu nalifuta: babu alikuwa mwigizaji, tena wa kutegemewa, na shati tunalo. Liko kwa shangazi, Mbagala. Watoto wa baba mkubwa nawajua watakavyojitokeza, watasema mkanda ulilipiwa na baba yao. Na ni kweli ulilipiwa na baba yao. Tutaongea.